Shangazi, moyo wa keki yangu umeganda

Wiki hii barua karibu zote zinalia kitu kimoja, lava keki. Ile keki ndogo ya chokoleti ya mtu mmoja, unaipindua kwenye sahani ikiwa bado ya moto, ukiichoma kijiko inamwaga rojo la chokoleti. Mwezi uliopita niliiandika hapahapa kwa mistari mitano nikijidai ni rahisi, sasa nalipa. Nairudia kwanza maana najua wengine lile toleo lilishafungiwa vitumbua.

Vikombe vinne vidogo, vya kuingia kama mililita 180 kila kimoja. Chokoleti nyeusi gramu 170, siagi gramu 115, mayai mazima mawili na viini viwili vya nyongeza, sukari gramu 50 (robo kikombe), chumvi chembe, unga wa ngano vijiko viwili vya chakula, basi. Yeyusha chokoleti na siagi kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, pembeni piga mayai na viini na sukari mpaka vipauke na kuwa vizito, unganisha, nyunyizia unga, geuza taratibu, mimina kwenye vikombe ulivyopaka siagi na kupiga vumbi la kakao. Oveni nyuzi 230, dakika 12. Hamna beking pauda humo, hamna hamira, msiniulize tena.

SWALI: Shikamoo shangazi. Nimefuata kila kitu, gramu kwa gramu, nimenunua hadi mizani, oveni mpya, dakika 12 kwa saa ya simu. Nimepindua nimekata, keki kavu mpaka katikati, yaani keki ya chai tu ya kawaida. Nimerudia mara tatu. Moyo umeganda shangazi, nimekosea wapi? (Mwenye oveni mpya, Tabata)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujakosea kitu, nimekosea mimi niliyekupa dakika 12 kama vile oveni zote ni moja.

Sikiliza inavyofanya kazi ndo utaelewa. Ile keki haina siri yoyote katikati, ni mchanganyiko uleule mmoja, moto unaingia kutoka nje kwenda ndani, pembeni mayai yanashika na kuwa ukuta, na wewe unaitoa kabla moto haujafika katikati. Kwa hiyo ni mbio tu, ukuta unatakiwa usimame kabla moyo haujaiva. Ndo maana inataka moto mkali wa muda mfupi. Moto ukiwa wa upole ukuta unachelewa kusimama, unasubiri, unasubiri, wakati huo joto linanyemelea ndani, siku ukuta ukisimama na moyo nao umeshaiva zamani.

Sasa oveni zetu hizi. Kitasa kinasema 230, ndani inaweza kuwa 190, inaweza kuwa 250, zingine zina moto wa chini tu, na wengi wetu tunawasha na kuweka keki hapohapo kwa kuonea gesi huruma. Washa dakika 20 kabla. Halafu kikombe nacho kina maneno yake, cha bati kinapasha haraka, cha udongo mnene kinachukua muda wake, cha silikoni nacho kivyake. Na ukishatoa, keki haijaacha kuiva, lile joto la ukuta linaendelea kwenda ndani, kwa hiyo ukiiacha kwenye kikombe dakika kumi unatafuta mwanga mzuri wa picha, usishangae.

Mimi ninachofanya, na nitawarudia hili mpaka mnichoke, naoka moja kwanza peke yake. Mwenyewe naiita keki ya kafara. Mchanganyiko wote umo kwenye vikombe, kimoja kinaingia, dakika ya 9 natoa, napindua, navunja naangalia. Ikiwa uji mtupu naandika dakika ya 10 na nusu. Ikiwa ukuta ni mzuri na katikati panatiririka, hapohapo, na zile zingine zikiingia kwa pamoja naongeza nusu dakika maana vikombe vingi vinapoza oveni. Naandika kwenye kikaratasi nagandisha kwenye friji. Changu kimeandikwa "oveni ya nyumbani, kikombe cha bati, kumi na nusu", kimechakaa hicho kina mafuta mpaka maandishi yamevimba lakini sikitupi.

Na msidhani nilizaliwa najua. Siku ya posa ya binti yangu nilitaka kuwaonyesha wageni kwamba huku nako kuna watu, nikapika lava keki nane, vikombe vyangu havikutosha nikaazima vya jirani, vya udongo, vizito vile, dakika nikaweka zilezile za bati. Nikaja nazo sebuleni nimevaa kabisa, nikapindua mbele ya wazee. Zikamwagika. Yaani siyo kuvunjika, kumwagika, sahani nzima kama uji wa ulezi. Kimya. Mzee mmoja upande wa kina bwana harusi akauliza kwa adabu zote kama kuna bakuli. Binti aliolewa, msihofu, lakini mpaka leo yule mzee tukionana kwenye shughuli ananiuliza uji umeiva?

SWALI: Shangazi mimi niko Kyela, kakao ninayo nyuma ya nyumba lakini oveni sina, nina jiko la mkaa na masufuria. Inawezekana? Na hiyo chokoleti lazima ninunue au naweza kutumia kakao yetu wenyewe? (Binti wa Kyela)

JIBU: Hii barua nimeisoma mara mbili kwa raha. Sisi tunahangaika dukani na vichokoleti vya kupimiwa, we mwenzetu unakanyaga maganda ya kakao ukienda kuchota maji. Kakao ya Tanzania kwa sehemu kubwa inatoka hukohuko kwenu, na nyingi inaondoka mbegu kama mbegu kwenda nje, wakulima wengi hawajawahi kuonja ilichogeuka.

Tuanze na moto. Chukua sufuria kubwa zito, mwaga mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa vidole viwili, juu ya mchanga laza sahani ya bati ili kikombe kisikae kwenye mchanga moja kwa moja, kitaungua matako. Funika na sinia au mfuniko bapa, mkaa uliowaka panga juu, chini weka mkaa kiasi. Juu uwe mwingi kuliko chini, kama unavyofanya kwenye mkate wa kumimina. Acha sufuria ipate moto robo saa hivi, kisha nyunyiza kijiko kidogo cha unga kwenye kile kisahani ufunike, ukigeuka kahawia iliyoiva ndani ya kama dakika moja, moto umefika. Ukikaa dakika tatu bado mweupe, ongeza mkaa juu. Vikombe tumia vile vya bati vya chai, vya rangi, weka viwili kwa wakati mmoja siyo vinne. Kafara kwanza! Anza kuangalia dakika ya 9, juu pawe pamekauka hapang'ai, ukitikisa kikombe pembeni patulie katikati pacheze kama ugali mlaini. Na fanyia nje au kwenye upenyo, moshi wa mkaa ndani ya chumba siyo wa kuchezea.

Ukiona mkaa unakusumbua kuna njia ya mvuke, funika vikombe na foili, weka kwenye sufuria yenye maji yanayochemka, maji yafike chini ya nusu ya kikombe, mfuniko, moto mkubwa. Mvuke hauzidi nyuzi 100 kwa hiyo inakwenda polepole, angalia kuanzia dakika ya 10. Juu haitakuwa na ule ugumu kidogo wa oveni, itakuwa laini kote, mimi naipenda hivyo kusema kweli.

Sasa kakao yako. Mbegu mbichi haifai, iwe imevundikwa zile siku zake tano mpaka saba na kukauka vizuri, bila kuvundikwa hupati harufu ya chokoleti hata ufanyeje, unapata uchungu tu. Kaanga kwenye chungu kama karanga, moto mdogo, geuza mpaka maganda yapasuke na nyumba nzima inukie. Menya, pepeta, twanga kwenye kinu ikiwa bado ya moto. Mwanzoni utapata unga, endelea, utaona unaanza kulowa wenyewe, usiogope hujaweka maji, yale ni mafuta yake, mbegu ya kakao karibu nusu yake ni mafuta. Endelea mpaka iwe kama siagi ya karanga. Hiyo ni chokoleti asilimia mia, haina sukari hata punje, kwa hiyo kwenye vipimo vyangu badala ya gramu 170 weka 110 na sukari ongeza gramu 60. Itakuwa na chengachenga kidogo ulimini maana kinu siyo mashine, ndani ya keki haisumbui. Ukipika niandikie ilivyokuwa, tafadhali sana.

SWALI: Shangazi, nina ujauzito wa miezi mitano na hamu yangu yote iko kwenye hii keki. Mume wangu kanikataza anasema ni keki mbichi watu wa hoteli wanawauzia kwa bei ya keki iliyoiva. Mwambie. (Mwenye hamu, Mwanza)

JIBU: Ningependa kukutetea mdogo wangu lakini shemeji yangu ana hoja. Ute wa yai unaanza kushika kwenye nyuzi 62 hivi, kiini kati ya 65 na 70, na wale wadudu wa salmonela wa kwenye mayai wanakufa papohapo ukifika 71. Ule moyo unaotiririka, kwa vile unatiririka, mara nyingi haujafika huko. Mtu mzima mwenye afya yake anakula anaendelea na maisha, ila mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mgonjwa, hapana, sitawaambia wale.

Lakini usilie. Hii keki ina ukoo wa aina mbili na ugomvi wake ni wa siku nyingi. Kule Ufaransa, kijiji cha Laguiole, mpishi Michel Bras alitoa yake mwaka 1981 baada ya kuhangaika miaka miwili, wazo lilimjia walipokuwa wamerudi na familia kutoka kwenye theluji wanapasha mwili kwa chokoleti ya moto. Yake siyo keki isiyoiva. Alichukua chokoleti iliyochanganywa na krimu, akaigandisha, akaizika katikati ya keki, keki ikiiva kile kipande kinayeyuka. Halafu New York mwaka 1987 kuna mpishi Jean-Georges Vongerichten, yeye anasema aliitoa keki ya chokoleti kabla haijaiva, akakuta imekuwa tamu kuliko angeiacha, na hii ndo iliyosambaa kwenye mahoteli dunia nzima na ndo niliyowapa. Jacques Torres, fundi wa vitu vitamu, akasema aa wapi, kitu hicho Ufaransa kilikuwepo tayari. Waache wagombane. Kwako we yanafaa mawazo ya Bras, na mi nimeyarahisisha zaidi.

Pika keki zako kwenye vikombe mpaka ziive kabisa, kijiti kitoke kikavu katikati, unga weka vijiko vinne badala ya viwili ili isimame. Wakati inaiva pasha krimu nusu kikombe mpaka ianze kufuka, mwagia juu ya gramu 100 za chokoleti iliyokatwakatwa, acha dakika mbili, koroga. Toa keki, ipindue, kata kifuniko kidogo juu, chimba shimo kwa kijiko cha chai (ulichochimba kula, ni haki ya mpishi), jaza ile chokoleti ya moto, rudisha kifuniko, mwagia na juu kidogo kuficha kovu. Hamna yai bichi popote. Mpe na huyo bwana, asipojua hatajua.

Kwanini nisikwambie ugandishe kipande na kukizika kama Bras? Kwa sababu ule mchanganyiko unaogusana na barafu ya katikati ndo wa mwisho kuiva, na kwa hali yako sitaki kubahatisha. Wengine wasio wajawazito jaribuni, ni tamu na haikupi presha ya dakika, hata ukizidisha mbili moyo bado upo.

SWALI: Nilipoyeyusha chokoleti ikageuka mchanga mweusi, ngumu, haikorogeki. Nimetupa. Hii ni chokoleti feki? (Aliyetupa chokoleti, Morogoro)

JIBU: Umetupa jamani! Mvuke uliingia, au bakuli lilikuwa na unyevu. Tone la maji kwenye chokoleti ni kama tone la maji kwenye sukari, chembechembe zote zinashikana zinakuwa bonge. Dawa yake inachekesha, ni kuongeza maji, vijiko viwili vitatu vya maji ya moto ukoroge kwa nguvu inarudi kuwa laini, haifai tena kwa hii keki lakini inafaa kumwagia juu ya aisikrimu au kuwapa watoto kwenye maziwa. Siku nyingine kausha bakuli, maji ya chini yasiguse bakuli na yasitokote, yafuke tu. Chokoleti haihitaji moto wote huo, siagi ya kakao inayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini ya joto la mwili wako, si ndo maana inayeyuka mdomoni. Dar mwezi wa pili yenyewe tu kwenye mkoba inajiyeyusha.

Feki siyo, ila angalia nyuma ya pakiti. Ukiona mafuta ya mimea yameshika nafasi ya siagi ya kakao, hiyo ni ya kupakia keki na biskuti, itayeyuka ndio lakini ladha ni ya mafuta na sukari, na moyo wa keki unakuwa mzito kama mshumaa ukianza kupoa.

SWALI: Habari shangazi. Nauza keki nyumbani, wateja wananiomba lava keki, nampa wa bodaboda, zikifika wanapiga simu wanasema umetuletea keki kavu. Wengine wanataka hela yao. (Mjasiriamali, Mbezi)

JIBU: Pole mama. Keki hii na bodaboda hawapatani, we umeitoa ina rojo, imepakiwa kwenye boksi ya moto, foleni ya Mwenge dakika arobaini, imeiva humohumo kwenye boksi. Halafu hata ikibaki na rojo, ikipoa linashika, mteja anakata anakuta kama matope. Na mchanganyiko mbichi wenye mayai usimpe mteja akaoke mwenyewe, sijui friji yake ikoje, sijui umeme ulikatika saa ngapi, akiumwa tumbo jina ni lako.

Uza ile ya kuchimba, niliyompa mjamzito hapo juu, jaza chokoleti na krimu, funika, iache ipoe, friji. Ikipoa inaganda na hilo ndo unalolitaka, inasafiri imara. Bandika kikaratasi kwenye boksi: weka kwenye mikrowevu sekunde 30 ndo ule. Chokoleti yenye krimu ikipashwa inarudi kuwa rojo kila mara, haina mayai ya kuganda. Asiye na mikrowevu aiweke kwenye bakuli lililofunikwa juu ya maji ya moto dakika kumi. Na bei panda, krimu siyo bure.

SWALI: Assalaam alaykum shangazi. Ramadhani hii nataka niwape wageni wangu baada ya futari, lakini nikipika kabla zinaganda, nikipika wakiwepo nakosa tarawehe. (Wa Unguja)

JIBU: Waalaykum salaam mpenzi. Hii ndo keki ya watu kama we, watu hawajui. Saa tisa mchana tengeneza mchanganyiko, mimina kwenye vikombe, funika na plastiki, friji. Inakaa humo mpaka kesho yake bila tatizo, isizidi hapo. Futurisheni kwa raha zenu na tambi zenu na mihogo ya nazi, maana baada ya hapo nani ana nafasi ya keki, hata mimi siwezi. Nendeni mkasali. Ukirudi washa oveni, vikombe toa nje ya friji wakati oveni inapata moto, mpaka buibui livuliwe na kahawa ichemke ni kama nusu saa hiyo, ziweke. Zikiwa zimetoka friji moja kwa moja bila kupumzika ongeza dakika moja au mbili. Kafara umeshaipika jana yake, si ndiyo? Na kwenye mchanganyiko tia iliki nusu kijiko cha chai, iliyotwangwa sasa hivi siyo ya pakiti iliyokaa, iliki na chokoleti nyeusi ni watu wa nyumba moja.

SWALI: Mwanangu akila chokoleti anatoka vipele mwili mzima. Wenzake wanakula keki ya kumwaga yeye anaangalia tu, roho inaniuma. (Mama wa mmoja, Dodoma)

JIBU: Argentina wanayo, wanaiita volkano, moyo wake ni maziwa ya sukari yaliyochemshwa mpaka yakawa kahawia, chokoleti hamna. Sisi tunatumia kopo la maziwa mazito yenye sukari. Limwage kwenye sufuria nzito lenyewe, moto mdogo kabisa, koroga bila kuacha kama unasonga halua, nusu saa hivi, mpaka ligeuke rangi ya chai ya maziwa iliyokolea. Najua wengi mnachemsha kopo likiwa limefungwa. Mimi siwashauri, maji yakipungua kopo likabaki wazi linaweza kupasuka, na ile kitu ikimrukia mtu ni moto mkali unaogandia ngozi.

Kwa watoto fanya ya kuchimba tena, keki ya vanila ya kawaida kwenye vikombe, ive kabisa, chimba, jaza hayo maziwa yakiwa ya moto. Ukiwa na siagi ya karanga changanya kijiko ndani yake, kama karanga nazo hazimtoi vipele lakini, uliza kwanza hospitali ni nini hasa kinachomdhuru maana chokoleti za dukani nyingi zina maziwa, zina soya, zingine zina karanga, isije ikawa tunamsingizia kakao bure na tunampa maziwa yaleyale.

Mafupimafupi, maana mhariri ananiangalia.

Wa Tanga, mayai ya kienyeji: ndio, ila ni madogo, weka mazima matatu na viini viwili. Rangi itakuwa nzuri mpaka utanishukuru.

Wa Iringa, Blue Band badala ya siagi: inafanya kazi, nimefanya sana mwisho wa mwezi. Ladha inapungua, na ina chumvi kwa hiyo ile chembe ya chumvi acha.

Wa Kigamboni, kakao ya unga peke yake: hapana. Rojo linatokana na chokoleti yenyewe, kakao ya unga imeshakamuliwa mafuta mengi, utapata keki tamu tu ya kakao isiyotiririka.

Wa Arusha, mikrowevu tupu bila oveni: mikrowevu haiingii kutoka nje kwa utaratibu kama oveni, ukuta hausimami vizuri, mara katikati pameiva pembeni bado. Kula kwa kijiko humohumo kwenye kikombe, usithubutu kupindua.

SWALI: Shangazi swali moja tu. Kupindua. Naogopa. (Mwoga, Moshi)

JIBU: Kitoe kikombe, hesabu mpaka sitini kwa sauti, siyo thelathini, ukuta unahitaji kupata nguvu. Pitisha kisu chembamba pembeni mara moja bila kusaga. Sahani weka juu ya kikombe kifudifudi, siyo kikombe juu ya sahani, shika vyote viwili kwa taulo, geuza kwa mpigo mmoja kama unavyogeuza mkate wa kumimina, usisite njiani. Subiri sekunde kumi, nyanyua kikombe taratibu. Ikigoma gonga juu yake na kijiko. Ikitoka nusu, nusu ikabaki ndani, irudishe hiyo nusu juu kwa kijiko, tupia aisikrimu, peleka mezani unatembea wima, wageni hawajui ilitakiwa ikaeje. Isipokuwa yule mzee wa posa, huyo atajua.